Tupime Kibanda cha Kuku Siku ya Shida, Tusikipime Siku ya Raha



Leo nataka kuongea juu ya jambo moja ambalo linarudi kila mara mu mikutano yetu. Mtu wa mradi anasimama, anauliza: "Ni nani ana fasi ya kuku zingine?" Mikono yote inapanda. Hakuna anayesema aende kwanza nyumbani kupima. Hakuna anayeuliza hiyo fasi tunaihesabu namna gani. Tunajibu "iko fasi" kama vile tunavyomjibu mgeni aliyefika saa ya chakula. Ni heshima, na heshima ni nzuri, lakini kuku hawaishi na heshima.

Gazeti hili linawafikia kabla ya kupanda kwa msimu A. Wengi wetu, hapa Kivu ya Kusini, tunaanza kuangalia mvua ya Septemba. Na wakati huu huu njo watu wengi wanataka kuongeza kuku, sababu mavuno ya msimu B yameingia, kuna punje kidogo nyumbani, na minervale ya watoto wa sekondari inakaribia. Kuku ni benki ya mama. Anayesema hapana kwa kuku watano wa bure anaonekana mjinga.

Mimi nasema hivi: kabla ya kukubali hata kuku mmoja, tupime kibanda kwa siku ile ambayo ni ngumu kuliko zote za mwaka. Kama siku hiyo kuku wote wanapata hewa, maji, chakula na fasi ya kusimama, basi fasi iko. Kama siku hiyo hawapati, fasi haiko, hata kama usiku wa leo wanalala vizuri. Na nasema tena kwamba koperative yetu inapaswa kuweka jambo hili mu sheria zake, isiachie kila mtu peke yake.

Tuanze na usiku

Watu wengi wakisema kibanda kina fasi, wanafikiri usiku. Si vibaya. Usiku una hesabu yake, na kila mtu anaweza kuifanya na fimbo ya mita moja.

Pima urefu wa kibanda, pima upana, zidisha. Kuku ambao wanatembea inje muchana na wanaingia kulala tu, tunaweza kuweka 5 mpaka 6 kwa mita mraba moja. Kisha angalia miti ya kulalia. Kila kuku anahitaji karibu sentimita 20 za mti. Miti iwe mu urefu mmoja, sababu ukiweka mmoja juu na mwingine chini, wote wanapigania ule wa juu, na wa chini wanapakwa mavi. Tena hesabu viota: kiota 1 kwa majike 4 au 5. Na jogoo mmoja anatosha majike 8 mpaka 10.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana kibanda cha mita 2 kwa mita 1 na nusu. Hiyo ni mita mraba 3. Ana miti miwili ya kulalia, kila mmoja mita 1 na nusu, jumla mita 3. Ana viota 3. Mu kibanda kuna majike 9 na jogoo 1, jumla kuku 10. Mradi unataka kumpa majike 5. Watakuwa 15.

Hesabu ya usiku inasema nini? Mita mraba 3 mara 5 ni 15. Miti ya mita 3 inabeba kuku 15. Viota 3 vinatosha majike 14. Kila kitu kinasema ndiyo. Mama anarudi mu mukutano anapandisha mkono, na hakuna mtu atakayesema amedanganya.

Bon. Lakini mwaka hauna usiku peke yake.

Siku ya kupanda

Sisi wote tunajua kinachotokea mbegu zikiingia mu udongo. Kuku anafukua mahindi na maharagi kama mtu aliyelipwa kazi hiyo. Jirani anaanza kupiga kelele. Kisha anasema lile neno ambalo tumelisikia mara mingi: "Kuku ni yako, lakini shamba ni yangu." Pengine kesi inafika mbele ya shefu wa lokalite. Pengine haifiki, na asubuhi unakuta kuku wako amelala nyuma ya nyumba, shingo imevunjika, na hakuna aliyeona.

Njo maana wakati wa kupanda tunafunga kuku. Wiki tatu hivi, mpaka mahindi yapate nguvu. Mara moja mu Septemba ao Oktoba, mara nyingine mu Februari ao Machi. Kwa wale wanaolima pia mu mabonde msimu C, kuna mara ya tatu.

Ile nyumba ya kulala sasa imekuwa nyumba ya kuishi. Na kuku anayeshinda ndani muchana na usiku hawezi kukaa 5 ao 6 mu mita mraba. Hapo tunahesabu 3 mpaka 4. Wenzetu wa bonde la Ruzizi, kule Luvungi na Uvira ambako joto ni kali, wasipite 3. Wenzetu wa milima ya Kabare na Walungu wanaweza kufika 4, lakini wakumbuke kwamba siku za mvua kubwa kuku wao hawatoki hata wakifunguliwa.

Turudi kwa yule mama. Mita mraba 3 mara 4 ni 12. Akiwa na kuku 10, anapita wiki tatu bila taabu. Akiwa na 15, kuku 3 wamezidi. Na kuku 3 wakizidi, wote 15 wanaumia, sababu hawatachaguana ni nani azidi.

Sasa chakula. Kuku wa kienyeji aliyefungwa siku nzima anahitaji karibu gramu 80 za chakula. Kuku 10 ni gramu 800 kwa siku. Wiki tatu ni siku 21: karibu kilo 17. Kuku 15 ni kilo 1 na gramu 200 kwa siku, na wiki tatu ni kilo 25 na kidogo. Tofauti ni zaidi ya kilo 8, mara mbili kwa mwaka. Kilo hizo zitatoka wapi? Septemba njo mwezi ambao punje zilizobaki tunazitia mu udongo. Tusijidanganye kwamba tutakata chakula cha watoto tupatie kuku. Tutakata cha kuku.

Na maji. Kuku mmoja anakunywa karibu robo ya litre kwa siku, na joto likipanda anakunywa zaidi. Kuku 15 wanakunywa karibu litre 4. Hiyo ni sehemu ya tano ya bidoni ya litre 20 ambayo mtoto anapandisha kutoka kisimani. Wanaoishi karibu na maji hawatasikia uzito wake. Wanaopanda mlima wanaujua.

Siku za parseli kavu

Kuna shida nyingine ambayo fimbo ya mita haiwezi kupima.

Kuku wa kwetu hatumnunulii chakula kila siku. Anajitafutia. Anakula mchwa, funza, majani, punje zilizoanguka, mabaki ya bukari, maganda ya mihogo. Hicho chakula ni kiasi fulani. Parseli yako na parseli za majirani zinatoa kiasi hicho, hazitoi zaidi kwa sababu umeongeza kuku. Ukiwa na kuku 10 wanakigawana kwa 10. Ukiwa na 20 wanakigawana kwa 20. Mtu anashangaa: "Nimeongeza kuku, mbona mayai hayaongezeki?" Kumbe kuku 20 wanatafuta chakula cha 10, kila mmoja anapata cha kumlinda asife, na hakuna anayebaki na nguvu ya kutaga.

Wazee watasema zamani nyumba moja ilikuwa na kuku 30 na hakuna aliyepima. Ni kweli. Lakini zamani nyuma ya nyumba kulikuwa pori na mashamba yaliyopumzika. Leo mu Kabare na Walungu parseli zimekatwa na kukatwa tena, ndugu kwa ndugu. Kuku wa leo hana lile pori la babu.

Kipindi kigumu kwa kuku anayejitafutia ni kiangazi, mwezi wa saba na wa nane. Mwanzoni kuna punje za mavuno, kisha udongo unakauka, wadudu wanashuka chini, majani yanakuwa magumu. Angalia kuku wako mwisho wa kiangazi. Mshike mmoja, pitisha kidole kifuani. Kama mfupa wa kifua unakata kama kisu, parseli imekuambia hesabu yake. Hao ulio nao tayari wamezidi chakula, na kuongeza wengine ni kugawana njaa.

Na hapa njo jambo linatuhusu sisi kama koperative. Kuku wangu hawajui mpaka wa parseli. Wanakula kwa jirani, na wa jirani wanakula kwangu. Mimi nikiongeza kuku 10, sehemu ya chakula chao inatoka kwa kuku wa jirani yangu mjane ambaye ana watatu tu. Nyumba 20 za avenyu moja zikipokea kuku 5 kila moja siku moja, ni kuku 100 wapya wanaoshuka ku chakula kile kile. Mu ripoti itaandikwa kuku 100 wamegawanywa. Hakuna safu ya ripoti inayoandika mayai yaliyopungua.

Siku ya ugonjwa

Siku ngumu kuliko zote ni ile ambayo Newcastle inaingia, ile wengi wanaita pesti ya kuku. Wote tunaijua. Kuku anasinzia, anaharisha majani majani, shingo inapinda, na mu siku chache kibanda kimebaki na manyoya. Hakuna dawa ya kumponyesha kuku aliyeipata. Kuna chanjo tu, na chanjo inawekwa kabla.

Ugonjwa huo unaingia nyumbani sana sana kwa mlango mmoja: kuku mpya. Kuku wa ku soko, kuku wa zawadi, na ndiyo, hata kuku wa mradi. Anaweza kufika macho wazi, anakula vizuri, na ugonjwa uko ndani yake bado unalala.

Njo maana kuku mpya anapaswa kukaa peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Siku 21, sawa na siku za kuatamia mayai, kwa hiyo hakuna atakayesahau. Akae mbali na kibanda kikubwa, na chombo chake cha maji, na mtu amhudumie mwisho, kisha kunawa mikono.

Sasa niulize tena lile swali la mukutano. Una fasi ya kuku zingine? Kama huna kona ya pili ya kuwaweka wiki tatu, huna fasi ya kuku hata mmoja. Hata kama kibanda chako ni kikubwa kama shule. Kwangu mimi hili ni sharti la kwanza, linapita mita na linapita miti.

Tena kuku waliobanana wanaambukizana upesi. Mavi ni mingi, takataka za chini zinalowa, vifaranga wanaharisha damu, wadudu wadogo wanaonyonya damu usiku wanajificha mu nyufa za miti. Kibanda kilichojaa ni nyasi kavu, kinasubiri mtu mwenye moto.

Kibanda chenyewe kinasema

Wale ambao hawapendi hesabu, wasiwe na hofu. Kibanda kinaongea, mtu aende tu kusikiliza mara mbili.

Aende jioni, jua likizama, asimame mlangoni bila kelele. Kuku wakipanda bila ugomvi na kukaa, ni vizuri. Kama kuna wanaorudi chini mara tatu, mara nne, kama kuna wanaolala mu viota ao mu udongo, miti haitoshi.

Aende tena asubuhi, kabla ya kufungua. Aingize kichwa. Kama harufu inamchoma macho na pua, kuku wamevuta hewa hiyo usiku mzima. Ni wengi, ao madirisha ni machache, ao vyote viwili. Achukue takataka za chini, azikaze mu mkono. Zikishikana kama udongo wa tofali, zimelowa. Zibadilishwe, aweke maganda ya mchele, maranda ya mbao ao majani makavu, na akiona zinalowa tena upesi, ajue kuku wamepita kiasi.

Aangalie tena migongo. Kuku wanaong'olewa manyoya ku mgongo na karibu na mkia, mayai yanayovunjwa na kuliwa, majike yanayokimbia kutaga mu mashamba: hizo zote ni lugha moja. Kibanda kikiongea hivyo, mtu asipandishe mkono mu mukutano.

"Kuku ya kienyeji haina mambo mingi"

Najua majibu yatakayokuja. Nimeyasikia.

La kwanza: "Kuku ya kienyeji haina mambo mingi, inalala popote." Ni kweli anavumilia. Lakini kuvumilia si kuzaa. Sisi tunataka mayai, vifaranga, nyama na pesa. Kuku anayevumilia tu ni mgeni anayekula bila kulipa. Na yule anayelala mu jikoni ya mama, karibu na chakula na watoto wanaotambaa, anawaletea watoto kuhara. Hilo nalo ni gharama, hata kama hatuiandiki.

La pili lina uzito zaidi, na silitupi. Mama anasema: "Ninyi wenye mabati munapima mita. Mimi sina kitu. Kuku watano wa bure ni bahati yangu moja ya mwaka huu. Munataka nikatae sababu ya fimbo?" Mama huyo ana haki ya kukasirika. Sheria yoyote ambayo inampa kuku mwenye kibanda kizuri na kumnyima maskini itakuwa sheria mbaya, na mimi nitakuwa wa kwanza kuikataa.

Lakini tuangalie vizuri ni nani anaumia tukimpa bila kupima. Mwenye mabati akipoteza kuku, ananunua wengine. Yule mama akipokea 5 akawachanganya na wake 3, na ugonjwa ukaingia, anapoteza 8. Alikuwa na 3, sasa ana sifuri, na ku daftari la mradi jina lake limeandikwa kwamba amesaidiwa. Tena kama kuna mzunguko, anabaki na deni la kurudisha vijana wa kuku kwa mwanamemba anayefuata. Kumpa kuku bila fasi ni kumwekea deni.

Kwa hiyo maskini asiambiwe "hapana". Aambiwe "bado, tuje tukusaidie kujenga". Matete, mianzi, miti, udongo na nyasi tunavyo vijijini. Kibanda cha mita mraba 3 wanamemba wakija kwa salongo wanakisimamisha upesi. Uzio wa matete mbele ya kibanda, mita 4 kwa mita 5, unawapa kuku 15 fasi ya kutembea wakati wa kupanda, bila kesi na jirani. Mradi ukinunua misumari na wavu kwanza, na kuku baadaye, pesa zitakuwa zimefanya kazi vizuri zaidi.

Fasi iliyofichwa

Kuna njia ya kupata fasi bila kujenga. Ni kupunguza.

Ingia mu kibanda chako uhesabu majogoo. Nyumba mingi zenye majike 9 zina majogoo 3. Mmoja anatosha. Wale wawili wanakula, wanapigana, wanachosha majike, hawatagi. Uza. Hesabu majike wazee ambao hawajataga tangu mwaka uliopita. Uza ao pika. Na usisubiri siku ya shida ya pesa, sababu siku hiyo mnunuzi anasoma uso wako. Uza mwisho wa Agosti kabla ya kufunga kuku, na weka wengine kwa ajili ya Noeli na mwaka mpya, wakati bei inapanda.

Njia nyingine ni vifaranga. Tunaomba kuku wapya, na huku vifaranga vyetu vinakufa mbele ya macho: mwewe, baridi, mvua, njaa, kukanyagwa. Tuseme una majike 5 wanaoangua mara 2 kwa mwaka. Ukiokoa vifaranga 2 tu zaidi kila mara, mwisho wa mwaka umepata 20. Hakuna mradi uliokuletea. Kitunga kikubwa cha kuwafunika na mama yao, chakula chao peke yao, fasi kavu, wiki chache za kwanza. Hao hawaleti ugonjwa kutoka mbali, wamezaliwa kwako. Na wakikua kibanda kikijaa, kujaa huko ni faida: unauza unapotaka, kwa bei unayotaka.

Kusema kweli, mimi nafikiri wengi wetu hatuhitaji kuku zaidi. Tunahitaji hao tulio nao wasife.

Ninachoomba koperative ifanye

Maoni peke yake hayajengi. Njo maana naomba mu mukutano unaofuata tujadili mambo matano.

Kwanza, mtu asipewe kuku kabla ya watu wawili wa kamati kupita kwake jioni moja na asubuhi moja. Wapime kibanda kwa hesabu ya kuku waliofungwa: 3 ao 4 kwa mita mraba. Wasitumie hesabu ya usiku.

Pili, asiye na kona ya pili ya siku 21 asipokee. Ao wanamemba wa avenyu moja wajenge kibanda kimoja kidogo cha kusubiri, mbali na nyumba, kila mtu akitumie kwa zamu yake, na kisafishwe vizuri kati ya zamu na zamu.

Tatu, kila kuku anayegawanywa awe amepata chanjo ya Newcastle, na nyumba inayompokea iwe imechanja wake pia. Chupa moja ya chanjo inatosha kuku mingi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo tuchange franka, tumwite veterinere siku moja kwa avenyu nzima, tena turudie kila miezi 3 ao 4. Mtu peke yake hawezi. Koperative inaweza.

Nne, anayesema "bado sina fasi" asipoteze zamu yake. Jina lake libaki pale pale juu ya liste. Hili ni la lazima. Watu wanapandisha mikono bila kupima kwa sababu wanaogopa kwamba asiyepokea leo hatapokea kamwe. Tukiondoa woga huo, watu watasema ukweli wenyewe.

Tano, mu ripoti zetu tuombe mradi uandike kuku wanaoishi baada ya mwaka mmoja, na vifaranga waliokua. Hesabu ya siku ya kugawanya isitoshe. Wafadhili ni watu wa hesabu, na tukiwaonyesha hesabu nzuri wataifuata.

Najua kuna wanamemba ambao hawatakubali jambo la pili, watasema ni gumu. Waje na pendekezo lingine, tusikie. Lakini wasije na jibu la "iko fasi, leta tu", sababu jibu hilo tumelitumia miaka mingi na vibanda vyetu vinajaa Juni vinabaki tupu Novemba.

Mvua iko karibu. Wiki hii, kabla ya kutengeneza majembe, kila mtu akate fimbo ya mita moja, apime kibanda chake, azidishe na 4, ku bonde azidishe na 3. Namba itakayotoka aiandike ku mlango na makaa. Siku ya mukutano, swali la fasi likiulizwa, kila mtu ajibu na namba ya mlango wake.